Mboga Iliyonyang'anywa Jina

Mwalimu wetu wa baiolojia hakuwa na fimbo. Alikuwa na kitu kibaya zaidi. Alikuwa anakusimamisha mbele ya darasa, anakwambia, "Haya, tueleze," kisha anakwenda kukaa kwenye dawati lako na kukusikiliza kana kwamba wewe ndiye mwalimu. Wenzangu walimpenda kwa hilo. Mimi nilikuwa kidato cha pili, na niliweza kumaliza wiki nzima shuleni bila kutoa neno zaidi ya "abee" tunapoitwa majina. Ningeona heri fimbo.

Basi muhula ule akatupa kazi. Kila mmoja atafute mmea unaoota karibu na kwao, aukaushe katikati ya magazeti, aubandike kwenye karatasi ya manila, na chini yake achore visanduku vinne: jina la Kilatini, la Kiingereza, la Kiswahili, na la lugha ya nyumbani. Mwenye visanduku vinne vilivyojaa atabandika karatasi yake ukutani na kurudi kukaa. Mwenye kisanduku kitupu atakuja mbele kutueleza kwa nini ni kitupu. Alisema hivyo akiwa ananitazama mimi, au mimi niliona hivyo.

Mkuu wa shule alipita, akaona visanduku ubaoni, akauliza kama hicho cha nne hakitaturudisha kwenye ukabila, wakati sisi sasa ni taifa moja. Mwalimu akamjibu kwa adabu kwamba ni kweli, ila mimea ya mikoani bado haijaelimishwa vya kutosha. Mkuu akafikiri kidogo, akaondoka.

Shida yangu ya kwanza ilikuwa kuupata huo mmea. Mtaa wetu wa Kariakoo una mchanga, saruji na maji machafu. Lakini ulikuwa mwaka wa kilimo cha kufa na kupona, tumeambiwa kila penye nafasi paoteshwe kitu, na dada wa chumba cha nyuma alikuwa ameitikia wito. Alijaza udongo kwenye makopo ya mafuta ya kula, akayapanga kando ya ukuta wa nyuma uani, akapanda mboga ya kwao aliyokuja na mbegu zake zimefungwa kwenye pindo la kanga. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuja kukagua, akayatazama makopo yale kwa muda mrefu, akatangaza kwamba nyumba yetu ina shamba.

Huyu dada nilimwita dada kwa sababu alikuwa mkubwa kwangu kidogo tu, ingawa ni mke wa mtu. Alitoka Tukuyu. Mumewe ni dereva wa lori, safari zake ni za Zambia, na akirudi hulala kama gunia mpaka safari nyingine. Dada alikuwa mwepesi wa kucheka, na ndiye mtu pekee katika nyumba ile ambaye sikumwonea haya. Nilimwomba tawi moja la mboga yake, akanikatia zuri lenye maua na vitunda vyeusi.

Visanduku vitatu vilijaa haraka. Cha Kilatini mwalimu alinisaidia: Solanum nigrum. Alinieleza kwamba jina la kwanza ni kama ukoo na la pili ni kama jina la mtu mwenyewe, kwa hiyo mboga yangu ni ndugu wa nyanya chungu na viazi. Cha Kiswahili nacho hakikunisumbua, ingawa bibi mwenye nyumba alisema ni mnavu, na mwenye duka aliyepanga chumba cha mbele, mtu wa Kilimanjaro, akasema ni mnafu na kwamba watu wa pwani wameijua juzi. Niliwaacha wanabishana, nikaandika yote mawili.

Cha Kiingereza ndicho kilichozua tafrani. Kitabu cha maktaba ya shule, kilichoandikwa Uingereza, kilitaja jina lake na kusema kwamba mmea huo ni sumu, mtoto akila matunda yake apelekwe hospitali upesi. Nilikuwa nimeula jana yake na ugali. Nikarudi nyumbani nimekunja uso, nikamweleza mama, mama akamweleza bibi mwenye nyumba. Bibi alikuwa anakuna nazi. Hakuacha.

"Sumu," alisema. "Basi sisi tumeshakufa tangu mwezi wa Ramadhani, tunasubiri kuzikwa tu."

Kikabaki kisanduku cha nne. Nilimfuata mama jikoni nikamuuliza lugha yetu ya nyumbani ni ipi. Mama alikuwa anapuliza mkaa, macho yanamtoka machozi. Akasema, "Lugha ya nyumbani ndiyo hii unayonisumbulia nayo." Baba naye alisema babu yake alikuja mjini na lugha yake kamili, ila alipokufa hakumwachia mtu. Yaani wenzangu wote darasani walikuwa na lugha ya pili ya kujigamba nayo, mimi nina Kiswahili kitupu. Nilifikiri kutunga neno. Sitaficha, nililitunga kabisa, lilikuwa zuri. Lakini nikajiona nimesimama mbele, mwalimu amekaa kwenye dawati langu, anauliza ni la kabila gani.

Kisha nikaona nina akili ndogo. Mboga ni ya dada, mbegu zimetoka Tukuyu, jina lake la nyumbani analo dada. Nilimkuta uani anachambua mboga hiyohiyo kwenye ungo. Nikamuuliza kwenu hii mnaiitaje.

Dada akaacha kuchambua. Akatazama mlango wa ukumbini, akatazama juu ya ukuta, akavuta kanga kichwani.

"Siwezi kuitaja," alisema.

Nikadhani ni tusi. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba hata kama ni tusi aniambie tu, darasani hawatajua. Akacheka mpaka ungo ukayumba, kisha akaniambia si tusi, ni baba mkwe. Baba wa mumewe alipewa jina la mboga ile alipozaliwa, kwa sababu mama yake alipokuwa na mimba hakutaka kula kitu kingine. Na kwao mke wa mtoto hatamki jina la baba mkwe, wala neno lolote lenye jina hilo ndani yake. Hamwangalii usoni, hapiti alipopita, hakai alipokaa. Mboga anaipanda, anaipika, anaila, ila kuitaja hapana. Nikamuuliza sasa ukienda sokoni unaombaje. Akasema huwa anaiita kwa neno jingine, neno moja tu la kwao, ambalo kwa Kiswahili ni kama kusema "ya majivuni", kwa kuwa huota vizuri pale watu wanapomwaga majivu.

"Basi nitaandika hilo," nikasema.

Akasikitika. "Hilo si jina lake, mdogo wangu. Hilo ni la kukwepea tu. Mwalimu akijua atasema nimekudanganya."

Mama alinishauri nimuulize mwanamke anayeuza mchele wa Kyela sokoni, watu wa huko na wa Tukuyu ni wamoja. Nilikwenda. Nikasimama mbele ya magunia yake nimefungua mdomo. Yule mama akaniuliza nataka kiasi gani. Nikarudi nyumbani na mchele, na mama akaniuliza nani kanituma mchele.

Nilimsubiri mume wa dada. Alifika Jumamosi, lakini hakufika peke yake. Kwenye lori alikuwa amempakia baba yake, mzee mrefu aliyeletwa kutibiwa mtoto wa jicho katika hospitali kubwa ya Upanga. Alimshusha na kapu la ndizi, akamwombea kwa bibi mwenye nyumba chumba kidogo cha pembeni ya ukumbi, na asubuhi yake alikuwa tena anapanda lori. Nikajikaza, nikamkimbilia barabarani kumuuliza kile nilichotaka. Akacheka dirishani. "Jina ni la mzee, mimi nilitoe kwa ruhusa ya nani? Muulize mwenyewe." Akatia gia.

Kumuuliza mwenyewe. Mimi, niliyeshindwa kumuuliza muuza mchele. Na mzee haulizwi jina lake na mtoto wa kidato cha pili, hata kama jina lenyewe ni mboga.

Asiyeijua nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo hataelewa tabu iliyoanza siku ile. Ukumbi ni mmoja, vyumba huku na huku, na mwisho wake ni ua mmoja wenye jiko moja, bafu moja na choo kimoja. Huko Tukuyu mtu ana migomba ya kujifichia. Hapa baba mkwe na mkamwana walipewa ukumbi ambao watu wawili wakipishana lazima mmoja ageuke ubavu.

Mzee alijitahidi. Kabla ya kufungua mlango alikohoa. Kabla ya kwenda uani alikohoa tena, kwa sauti ya mtu anayebisha hodi ikulu. Dada akisikia kikohozi aliacha chochote alichoshika na kukimbia. Tulizoea kuona mwiko umesimama peke yake kwenye ugali. Tatizo ni kwamba mwenye duka wa chumba cha mbele alikuwa na mafua wiki ile, na kila alipokohoa dada alipotea nusu saa. Bibi mwenye nyumba alimwambia yule bwana ama apone ama ahame.

Mzee mwenyewe alikuwa mcheshi. Kwa umri mimi ni mjukuu wake, kwa hiyo aliniita mke wake wa mjini, akasema akipona jicho ataniangalia vizuri na kuamua kama ataniacha. Nilijibu kwa kutazama vidole vya miguu yangu. Siku zikaenda, mzee akapasuliwa jicho, akarudi na bandeji. Karatasi zilitakiwa Jumatatu, na Jumapili asubuhi kisanduku changu kilikuwa bado cheupe.

Asubuhi hiyo mama alikuwa kwenye foleni ya sukari, bibi amekwenda msibani Magomeni, wengine wametawanyika. Mimi nilikuwa ukumbini napiga pasi sare. Mzee akakohoa, akatoka, akaenda uani, akavuta kigoda, akakaa kuota jua. Ua ulikuwa kimya. Nikadhani dada amesikia na amekimbia kama kawaida.

Hakuwa amekimbia. Nilipokwenda kuongeza mkaa kwenye pasi nilisikia sauti kama ya panya kutoka nyuma ya bati la mlango wa bafu.

"Mdogo wangu. Mtoe."

Alikuwa anaoga. Maji yalikuwa yanamwagika kichwani, hakusikia kikohozi. Sasa yuko ndani na sabuni, na njia ya kutoka inapita mbele ya magoti ya baba mkwe. Jikoni sufuria yake ya wali ilikuwa juu ya jiko.

Nikanong'ona nimtoeje. Akanong'ona nizungumze naye. Nikanong'ona nizungumze nini. Akanong'ona chochote, wali unaungua.

Ni kweli, ulikuwa unaanza kunuka, na kuuepua mwenyewe hakukunijia akilini. Nikaenda mbele ya mzee. Nikasema shikamoo babu.

"Marahaba, mke wangu. Leo umeamua kunitolea sauti?"

Harufu ya wali ikaongezeka. Kichwani mwangu mlikuwa na kitu kimoja tu, kilichokaa humo kwa majuma, na ndicho kilichotoka.

"Babu, ile mboga ya kwenye makopo kwenu inaitwaje?"

Nyuma ya bati kitu kilianguka, nadhani kopo la kuogea. Mzee hakugeuza shingo. Alinitazama kwa jicho lake zima, akatabasamu polepole, akasema inaitwa ya majivuni. Alilisema kwa lugha yao, neno lilelile la dada.

Hapo nikasahau haya. Nikamwambia lakini babu, hilo si la kukwepea? Nimeambiwa jina lake la kweli ni jingine, ni... Nikakwama.

Mzee alicheka mpaka akashika bandeji ya jicho. Akanieleza kwamba zamani ilikuwa na jina jingine, ndiyo, na yeye alilipokea kwa mboga. Lakini amezaa wanaume watupu, na wote wameoa, na wameoa palepale kijijini. Wanaopika mboga ni wake zao. Wanaoichuma, wanaoiuza gulioni, wanaomtuma mtoto akalete, ni hao hao. Hakuna hata mmoja anayeweza kulitamka. Watoto hujifunza kusema kwa mama zao, na hao watoto sasa wana ndevu. Ukienda leo gulioni kwao ukataja jina la zamani, watu watadhani unamwita yeye.

"Mboga ilikuwa na jina, mimi nikaazima," alisema. "Sasa mimi ndiye nimebaki nalo, mboga imenyang'anywa. Andika ya majivuni. Ukiandika lile jingine umeniandika mimi, na mimi siyo wa kuungwa nazi."

Kisha akainuka, akajinyoosha, akasema twende akanionyeshe jinsi ya kuichuma isife. Tukasimama mbele ya makopo, tumelipa mgongo bafu. Akapaza sauti mno, kama anahutubia mkutano. "Sasa ninatazama ukuta. Ukuta mzuri. Nitautazama mpaka niuchoke."

Nikasikia bati limefunguka na kandambili zinakimbia. Niligeuka kidogo, nikamwona dada amejifunga kanga mbili, povu limejaa masikioni, anaingia jikoni kama mwizi kwake mwenyewe. Mzee alikuwa ameinamia kopo.

"Na wali," aliuambia mnavu, "uepuliwe."

Baadaye nilimuuliza kwa nini hakuondoka mapema kama alijua mtu yuko bafuni. Akanishangaa. Angeondokaje? Akiondoka, mkamwana angejua kwamba baba mkwe amejua. Alikuwa anasubiri mtu mwenye akili aje na shughuli ya kumwondoa, na alikuwa ameanza kukata tamaa.

Jumatatu nilibandika karatasi yangu ukutani, visanduku vinne vimejaa kwa wino wa buluu. Nikakaa. Sijawahi kukaa vizuri namna ile. Mwalimu akapita anasoma, akatikisa kichwa kuridhika, akasogea kwenye karatasi ya jirani. Na hapo mvulana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye sikujua kabisa kwamba ni wa huko Tukuyu kwa kuwa alizaliwa Ilala na anasema Kiswahili kama sisi, akanyoosha kidole. Akasema mwalimu, pale pamekosewa, kwetu ile haiitwi hivyo. Na akalitaja. Jina la mzee, hivihivi, mchana kweupe, kwa sauti.

Niliangalia mlangoni, nikavuta kola ya shati juu kwa kuwa sikuwa na kanga.

"Haya," mwalimu akaniambia, "tueleze." Akaja kukaa kwenye dawati langu.

Sikumbuki jinsi nilivyofika mbele. Nakumbuka tu kwamba ubao ulikuwa baridi mgongoni. Nikasema alilolisema mwenzetu si uongo, ila ni la mtu. Darasa likauliza mtu gani. Nikasema yuko kwetu, anatibiwa jicho. Wakacheka. Nikaona kama wanamcheka mzee, nikakasirika, na nilipokasirika maneno yakaja. Nikawaeleza habari ya wakamwana na gulio, na mwiko kwenye ugali, na mafua ya mwenye duka. Bafu sikulitaja, mwanzoni. Waliponiuliza nimelipataje jina, nikalitaja na bafu.

Yule mvulana alisema kwao wanalitamka kila siku na hakuna aliyepatwa na kitu. Nikamwambia ni kwa sababu dada zake hawajaolewa kwa yule mzee. Darasa likagonga madawati.

Mwalimu alipofuta machozi alisema kwamba katika sayansi kuna sheria: mmea ukiwa na majina mawili, lililoandikwa kwanza ndilo linaloshinda. Kwa hiyo nichukue kalamu, niongeze la zamani kwenye kisanduku, nikae.

Hilo tu. Kuandika neno moja na kwenda kukaa, kitu nilichokitamani tangu muhula uanze. Nilishika kalamu, nikaielekeza kwenye karatasi, nikamwona mzee ameutazama ukuta.

"Siwezi, mwalimu," nikasema. "Tunakaa nyumba moja."

Mwalimu akasema basi nisimame mpaka niweze. Nikasimama mpaka kengele ilipolia, na muda wote huo wakaniuliza maswali, na muda wote huo nikajibu. Mwisho yule mvulana ndiye aliyeliandika, kwa penseli, herufi ndogo, chini kabisa ya kisanduku, na mwalimu akaiacha karatasi ukutani hivyohivyo.

Jioni mzee alitaka kujua shule imesemaje. Nikamsimulia yote, nikiwa nimekaa kwenye kizingiti cha chumba chake, na mlango wa chumba cha nyuma umeachwa wazi kidogo ili mtu mwingine naye asikie. Nilipofika kwenye sheria ya jina la kwanza kushinda, alinisimamisha.

"Hiyo sayansi ina wakamwana?"

Nikasema sijui babu, nadhani haina.

"Nilijua," akasema. "Inataja majina hovyo mno."